Kupiga picha chozi na ndege wengine wadogo safarini: Amani hadi Arabuko-Sokoke, mwezi wa Juni

Mwalimu wa Morogoro aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro, na shule zitakapofungwa mwezi wa Juni ninakusudia kusafiri kwa basi hadi Tanga, kisha nipande kutoka Muheza hadi Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Baada ya hapo nitavuka mpaka Horohoro, nipite Mombasa na kufika Gede, ili niuone msitu wa Arabuko-Sokoke ambao nimekuwa nikisoma habari zake kwa muda mrefu. Sifuati wanyama wakubwa. Ninafuata ndege wadogo, hasa chozi, yaani wale ndege wenye mdomo uliopinda wanaonyonya maji matamu ya maua, na wale wa msituni ambao watu wengi hupita chini yao bila kujua kwamba wapo.

Nina kamera ya kubadilisha lenzi, ya aina yenye kihisi (kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera) kidogo, pamoja na lenzi ya milimita 70 hadi 300 na darubini ya 8x42. Rafiki mmoja ananishauri nikope fedha ninunue lenzi ya milimita 150 hadi 600, ambayo ina uzito wa karibu kilo mbili, kwa maelezo kwamba bila hiyo sitapata kitu. Naomba ushauri wenu juu ya hilo kabla sijaingia kwenye deni. Tatizo langu kubwa kwa sasa ni kwamba ndege akiwa juu ya mti hutoka katika picha akiwa kivuli cheusi mbele ya anga jeupe, na chozi ambaye kwa macho nimemwona anang'aa kijani huonekana mweusi kabisa. Msituni nako kuna giza, na ndege amekwisha kuhama tawi kabla kamera haijamshika.

Jambo la pili ni ratiba. Nimepanga kulala Sigi usiku mmoja, Amani usiku mmoja, Magoroto usiku mmoja, kisha niendelee hivyo hivyo upande wa Kenya, ili nione mahali pengi kadiri inavyowezekana. Je, mpango huu unafaa? La mwisho, mwenzangu mmoja amenifundisha kucheza sauti ya ndege kwa simu ili aje karibu. Nasikia wengine wanalipinga jambo hili, nami ningependa kujua sababu zao.

Mwongozaji, Muheza:

Mwalimu, karibu sana kwetu. Nianze na ratiba, kwa sababu hapo ndipo safari nyingi za ndege wadogo huharibikia kabla hazijaanza. Ukilala kila mahali usiku mmoja, asubuhi zako utazimalizia barabarani ukisubiri gari, na asubuhi ndiyo mali yako. Ndege wadogo huchangamka tangu kunapopambazuka, ambapo kwa Juni huku kwetu ni karibu saa 12 na nusu, hadi kama saa 4. Baada ya hapo hunyamaza, kisha huamka tena alasiri jua likipungua makali. Mtu anayekaa Amani asubuhi tatu mfululizo atajua mti upi umechanua na chozi hurudi kwenye tawi lipi. Anayepita asubuhi moja atafika pale wakati ndege hawajamzoea, na ataondoka wakati ndio kwanza wanaanza kumzoea. Ushauri wangu ni kwamba uiache Magoroto kwa safari nyingine, ingawa ni pazuri, na siku hizo uzigawe kati ya Sigi na Amani kwenyewe.

Sehemu hizi mbili zote zimo katika hifadhi moja, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa na eneo la hekta 8,380, lakini ndege wake si wale wale. Sigi iko chini, penye joto na mto, na Amani iko juu, kiasi cha mita 900 kutoka usawa wa bahari. Juni umechagua vizuri, pengine kuliko unavyodhani. Masika yanakuwa yamekwisha, baridi inaingia milimani, na baadhi ya ndege wanaozaliana juu hushuka hadi misitu ya chini kukaa huko miezi ya baridi. Kwa hiyo Sigi mwezi huo hukutanisha wenyeji wa bondeni na wageni kutoka mlimani. Utakaowakosa ni wale wa kutoka Ulaya na Asia, kama baadhi ya keremkerem na mbayuwayu, ambao hufika kuanzia Oktoba na kuondoka ifikapo Aprili.

Kwa chozi, anzia bustani ya mimea ya Amani, ile iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Watu huiona kuwa ni ya wataalamu wa miti tu, lakini kwa mpiga picha ina faida ambayo msitu mnene hauna: miti imepandwa kwa nafasi, na ardhi ina miteremko. Tafuta mti uliochanua chini ya mteremko, wewe usimame juu yake, na kilele cha mti kitakuwa mbele ya macho yako badala ya kuwa juu ya kichwa. Hapo tatizo lako la kivuli cheusi mbele ya anga jeupe litapungua sana hata kabla hujagusa kitufe chochote cha kamera, maana nyuma ya ndege kutakuwa na majani ya upande wa pili wa bonde. Chozi wa Amani, ambaye kwa kitaalamu anaitwa Hedydipna pallidigaster, ni mdogo mno, na yuko pia chozi mwingine wa milima yetu, Anthreptes rubritorques, dume lake likiwa la kijani lenye ukanda mwekundu mwembamba kifuani. Wote wawili hupenda kukaa juu ya miti, kwa hiyo bila mteremko utarudi na picha za matumbo tu.

Ndani ya msitu usitembee ukitafuta ndege mmoja mmoja. Ndege wadogo wa msituni huenda kwa makundi mchanganyiko, spishi nyingi pamoja, shore, videnenda, chozi na wengine, wakipekua majani kwa zamu na kusonga mbele. Unaweza kutembea kwa muda mrefu msitu ukiwa kimya kabisa, halafu ghafla miti yote inatikisika. Mara nyingi utamsikia kwanza mramba, yule ndege mweusi mwenye kelele ambaye hupenda kuandamana na kundi. Ukimsikia, simama. Usiwafuate mbio. Angalia wanaelekea upande gani, tangulia taratibu kwa njia ya pembeni, kisha ungoje wakufikie wenyewe.

Jambo jingine la kufuatilia ni siafu. Msafara wa siafu ukipita, wadudu hutoka mafichoni wakikimbia, na ndege wa chini, wale wenye haya ambao kwa kawaida husikika tu, huja kuwaokota. Panapo siafu ndege hujisahau kidogo, na ukikaa mbali na msafara, suruali ukiwa umeiingiza ndani ya soksi, unaweza kupata nafasi ambayo hungeipata kwa wiki nzima ya kutembea.

Yuko pia ndege mmoja ambaye wageni wengi huja kumtafuta, Artisornis moreaui, mdogo, wa kijivu, mwenye mdomo mrefu. Jina hilo la pili linamkumbuka Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kuanzia mwaka 1928 na akawa miongoni mwa watu wa kwanza kueleza kwa kina maisha ya ndege wa milima hii. Hukaa katika mitambaazi iliyosongamana pembeni mwa msitu, hata karibu na mashamba ya chai, na mbali na Usambara Mashariki anajulikana mahali pengine pamoja tu, kaskazini mwa Msumbiji. Ninakuomba, Mwalimu, huyu umsikilize na umtazame kwa darubini, na picha iwe ya bahati tu. Hao waliobaki ni wachache, na kumwingilia katika kichaka chake ili apatikane kwenye fremu ni kumsumbua ndege ambaye dunia nzima haina wa kutosha.

Malipo ya kiingilio hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia Wakala wa Huduma za Misitu, na raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni wa mbali. Chukua mwongozaji wa kijijini. Anajua mti uliochanua wiki hiyo, na hilo halimo katika kitabu chochote.

Mpiga picha, Dar es Salaam:

Nachangia upande wa vifaa. Mwalimu, usikope. Nitakuonyesha sababu kwa hesabu ndogo ambayo unaweza hata kuwafundishia wanafunzi wako. Ukimpiga ndege wa sentimita 8 kwa lenzi ya milimita 300 akiwa mita 10 kutoka kwako, taswira yake juu ya kihisi itakuwa na urefu wa takriban milimita 2.4. Kihisi cha kamera yako kina upana wa milimita 23 hivi, kwa hiyo ndege atachukua kama sehemu moja ya kumi ya picha, na ndiyo maana anaonekana kinukta. Lenzi ya milimita 600 ingemkuza hadi milimita 4.8. Lakini ukibaki na lenzi yako ya 300 na umbali ukawa mita 5, utapata milimita hizo hizo 4.8 bila deni na bila kilo mbili shingoni. Tena picha ya karibu huwa safi zaidi, kwa kuwa hewa iliyo kati yako na ndege ni kidogo, na katika msitu wenye unyevu na ukungu jambo hili linaonekana wazi.

Utafikaje mita 5? Si kwa kunyemelea. Ndege mdogo anayenyemelewa hukuona kama anavyomwona kila adui wake. Ukae. Chagua ua ambalo chozi amelitembelea tayari, simama au uketi mahali ambapo mwanga unatoka nyuma yako, usivae nguo nyeupe wala nyekundu, na umwache azoee kuwapo kwako. Chozi ana tabia moja inayomsaidia mpiga picha, nayo ni kwamba hula akiwa ametua. Wale ndege wadogo wa Amerika wanaonyonya maua hufanya hivyo wakielea hewani, lakini chozi kwa kawaida hushika kikonyo kwa miguu yake na kuinama juu ya ua. Kwa hiyo usimfukuze kwa lenzi kutoka tawi hadi tawi. Weka fokasi juu ya ua tangu mapema, kwa nukta moja ya katikati na si kwa kuiachia kamera ichague, kwa sababu msituni kamera itachagua jani lililo mbele. Migomba ya kijijini, yenye mikungu michanga inayoning'inia, na minazi inapochanua, ni mahali pazuri mno pa kujifunzia kabla hujaingia hifadhini. Morogoro migomba haikosekani.

Sasa kuhusu rangi, kwa maana swali lako ni la haki na wengi huilaumu kamera. Kijani na zambarau inayong'aa ya chozi dume haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya kama nyekundu ya kifua chake. Inatokana na umbo la tabaka ndogo sana zilizomo ndani ya unyoya, ambazo huurudisha mwanga kwa pembe maalumu. Pembe ikibadilika, mng'ao hupotea na unyoya huonekana mweusi. Ndiyo maana macho yako yalimwona wa kijani kwa nukta ya sekunde alipogeuza shingo, halafu kamera ikampata sekunde iliyofuata akiwa mweusi. Dawa yake ni jua la asubuhi likiwa chini na likiwa nyuma yako, na kupiga mfululizo wa picha kadhaa kila anapogeuza kichwa. Kati ya hizo, moja itakuwa na ule mng'ao. Siku yenye mawingu mepesi hufaa kwa ndege wa kahawia na kijivu, ila kwa chozi jua la upande wako ni muhimu zaidi.

Anapokuwa mbele ya anga jeupe na huna namna nyingine, ongeza mwanga kwa kituo kimoja, yaani mara mbili, au zaidi kidogo kwa kutumia kitufe cha kusahihisha mwanga, na ukubali anga liungue. Ndege ndiye mwenye picha. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, kwa ndege aliyetua isiwe chini ya 1/640 ya sekunde ikiwa mwanga unaruhusu, na kwa wanaorukaruka 1/1000 au zaidi. Ndani ya msitu hutapata kasi hiyo. Hapo fungua tundu la lenzi hadi mwisho, pandisha ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, hadi 3200 au hata 6400, tumia kitegemeo cha kamera cha mguu mmoja au uegemee mti, na ngoja zile nukta ambazo ndege husimama kabisa, kwa kuwa hata kidenenda asiyetulia husimama anaposikiliza. Chembechembe za ISO kubwa zinaweza kupunguzwa nyumbani kwa programu, hasa ukihifadhi picha katika faili ghafi (RAW), lakini picha iliyotikisika haitengenezeki.

Angalizo la safari. Basi lenye kiyoyozi likikushusha Tanga au Mombasa mchana, usiitoe kamera kwenye begi papo hapo. Kioo kilichopoa kikikutana na hewa ya pwani hushika umande ndani na nje. Iache ndani ya begi lililofungwa ipate joto polepole, na humo uweke vile vifuko vya chembe zinazofyonza unyevu. Mpakani Horohoro na Lungalunga kamera ibaki imefungwa kabisa. Kupiga picha mpakani, kwenye kambi za jeshi na vituo vya polisi kunaweza kukuletea matatizo makubwa, hata kama ulikuwa unamlenga mnana aliyejenga kiota juu ya taa.

Mkazi wa Kilifi:

Mwalimu, ukishavuka huku kwetu, shukia Gede. Arabuko-Sokoke ni msitu wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio kipande kikubwa zaidi cha msitu wa pwani kilichobaki Kenya. Una sura tatu, na kila sura ina ndege wake, kwa hiyo ukiingia bila kujua uko katika sura ipi utatafuta ndege mahali ambapo hayupo. Upande wa mashariki kuna msitu mchanganyiko, wenye miti mirefu na kivuli. Katikati, kwenye mchanga mweupe, kuna miti ya Brachystegia, jamii ya ile miombo mnayoijua Tanzania, ambayo imeachana na kupitisha mwanga mwingi. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, kuna vichaka vya Cynometra, vyenye msongamano.

Kwako wewe mwenye lenzi ya 300, anza na Brachystegia. Chozi wa Amani utakayemtafuta kwenu yuko huku pia, na watu wengine humwona hapa kwa urahisi zaidi kwa sababu majani si mengi na mwanga unafika. Yuko vilevile mnana wa Clarke, Ploceus golandi, mweusi na manjano, ambaye duniani kote hupatikana Kilifi peke yake. Huyu huhamahama kwa makundi, na viota vyake havikupata kujulikana hadi mwaka 2013, vilipopatikana katika eneo la Dakatcha, kaskazini ya hapa. Ukimkuta, shukuru, na ukimkosa usimlaumu mwongozaji wako. Chini ya miti hiyo na katika msitu mchanganyiko hutembea Anthus sokokensis, ndege wa kahawia mwenye michirizi kifuani, anayekimbia juu ya majani makavu. Mpige ukiwa umechuchumaa au umelala, lenzi iwe usawa wake. Picha iliyopigwa kutoka juu humfanya afanane na jani.

Juni yako ina zawadi nyingine. Katika magofu ya Gede na katika msitu mchanganyiko huja mkesha mwenye madoa meusi kifuani, Geokichla guttata, ambaye hukaa pwani ya Kenya kuanzia Aprili hadi Oktoba na kuzaliana kusini, ikiwa ni pamoja na misitu ya nyanda za Rondo mkoani Lindi. Maana yake ni kwamba wewe Mtanzania utavuka mpaka kumwona jirani yako. Hupekua majani kivulini, husimama sana, na mtu akikaa kimya karibu na kuta za magofu asubuhi mapema, kabla watalii hawajawa wengi, humkaribia mwenyewe.

Kuhusu bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, ninasema kwa uzito kwa sababu kila mwenye kamera humtaka. Ana urefu wa sentimita 16 hivi tu, wengine ni wa kijivu, wengine wa kahawia na wengine wekundu kama udongo wa huku, na mchana hulala katika vichaka vya Cynometra. Alielezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na mwaka 1992 akagunduliwa pia kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Waongozaji wetu humtafuta alipolala na kukupeleka kwa utaratibu: watu wachache, dakika chache, bila flashi, bila kukata hata kijiti kilicho mbele ya lenzi. Kijiti hicho ndicho nyumba yake. Ukikikata upate picha safi, kesho mwewe atamwona kama wewe ulivyomwona.

Ndiyo sababu ninapinga sauti za simu. Ndege anapokuja kwenye sauti hiyo haji kukusalimu. Anaamini kwamba mgeni ameingia katika eneo lake na anakuja kupigana. Anaacha kula, anaacha kiota wazi, na wewe ukishapata picha unaondoka, halafu kesho anakuja mwingine na simu yake mahali pale pale. Katika msitu kama wetu, ambao wageni wote hupita njia zile zile, ndege mmoja anaweza kupigana na adui asiyekuwapo kila siku ya msimu.

Mwanachama, Nairobi:

Nakubaliana na ndugu wa Kilifi kwa sehemu kubwa, lakini ninaona haifai kulisema jambo hili kana kwamba halina upande mwingine. Wanaohesabu ndege kwa ajili ya uhifadhi wakati mwingine hucheza sauti, kwa muda mfupi na kwa utaratibu uliokubalika, kwa kuwa wapo ndege wa usiku na wa vichakani ambao bila hivyo wangehesabiwa kuwa wametoweka, na ndege anayedhaniwa hayupo ni vigumu kumtetea msitu unapotakiwa kukatwa. Huko kuna faida inayorudi kwa ndege mwenyewe. Picha ya msafiri haina faida hiyo, nami kwa msafiri ningesema aache kabisa, hasa kwa ndege adimu, wakati wa kuatamia, na mahali panapotembelewa sana. Tena kwa wale wawili unaowafuata haingekusaidia: chozi huja kwa ua, na mkesha wa Gede yuko mbali na makazi yake ya kuzalia, kwa hiyo hana eneo la kiota la kutetea.

Ukibahatika kupita Nairobi siku nyingine, Nature Kenya huwa na matembezi ya kuangalia ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia makumbusho ya taifa. Ni chama chenye mizizi tangu mwaka 1909, na mtu anayejifunza kutambua videnenda, ambao wote hufanana, atajifunza mengi kwa kusikiliza wazee wa pale kuliko kwa kukaa na picha peke yake.

Mwalimu wa Morogoro:

Ninawashukuru sana ndugu zangu. Nimeifuta Magoroto, nimeongeza asubuhi za Sigi na Amani, na upande wa Kenya nitakaa Gede tu. Lenzi sitanunua. Fedha niliyokuwa nimeitenga itawalipa waongozaji wa pande zote mbili. Naomba jambo moja la mwisho: picha na orodha nitakazorudi nazo, nizipeleke wapi ili ziwe na manufaa, na je, nieleze mahali hasa nilipomwona kila ndege?

Mwongozaji, Muheza:

Mwalimu, fungua akaunti ya eBird, ambayo ilianzishwa mwaka 2002 na huendeshwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani. Ni bure, inafanya kazi kwa simu, na unaweza kuandika orodha ukiwa msituni bila mtandao kisha ukaituma ukifika Muheza. Andika saa uliyoanza, saa uliyomaliza, umbali uliotembea, na kila ndege uliyemtambua, hata shore na pugi wa uani, kwa sababu orodha kamili ina thamani kwa watafiti kuliko orodha ya ndege adimu peke yao. Kwa Tanzania kuna pia atlasi ya ndege, Tanzania Bird Atlas, ambayo imekusanya kumbukumbu za miaka mingi, na nyanda zenu za Morogoro hazijaandikwa kwa wingi unaostahili.

Picha mbaya usizifute haraka. Ndege aliyetoka na ukungu lakini mdomo, mkia na rangi ya ukanda wa kifua vinaonekana anatosha kuthibitisha utambuzi, na ukanda mwekundu wa yule chozi wetu ni alama ambayo hata picha dhaifu huionyesha.

Kuhusu mahali, kwa ndege wa kawaida eleza bila wasiwasi. Kwa bundi wa Sokoke na Artisornis taja jina la hifadhi tu, usitaje njia wala kichaka, na kabla ya kuituma picha yoyote mtandaoni hakikisha simu au kamera yako haikuandika ndani ya faili vipimo vya mahali ulipokuwa. Kwenye simu nyingi unaweza kuzima jambo hilo katika mipangilio ya kamera. Viota usivitume kabisa, vya ndege yeyote, hata kama kina mnana wenyewe wanajenga barabarani. Ukifika Muheza mjini, panda gari la asubuhi la kwenda Amani, maana la mchana likichelewa utafika giza limeingia na alasiri yako yote itakuwa imepotea.